Kioo, Mfupa na Safari ya Pili

Kila aliyekulia pwani anaijua adhabu ya kigae cha chupa. Ukikikanyaga ufukweni wakati wa maji kupwa, kikazama katika unyayo na kuachwa humo, mwili haukipokei. Mguu utavimba, utatunga usaha, wala hutapata raha mpaka mzee mwenye mkono mwepesi akitoe kwa ncha ya sindano. Ndiyo sababu mtu akiambiwa kwamba madaktari hutia kioo ndani ya mfupa wa binadamu kwa makusudi, wakakiacha humo, na mfupa ukakishika na kuota juu yake, jambo la kwanza atakalofanya ni kutikisa kichwa. Nasi hatumlaumu. Lakini habari hiyo ni ya kweli, ina umri wa zaidi ya nusu karne, na twaona wakati umefika izungumzwe hapa visiwani, baina ya wananchi na wale waliokabidhiwa dhamana ya afya, kwa kuwa ina faida ambayo mtu wa bara hawezi kuiona kwa wepesi kama atakavyoiona mtu aliyezungukwa na bahari.

Chanzo chake ni Marekani. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa elimu ya vioo na vyombo vya udongo katika Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akienda mkutanoni katika jimbo la New York, ambako alikusudia kueleza juu ya vitu vinavyostahimili mionzi mikali. Aliyeketi karibu naye alikuwa kanali wa jeshi aliyerejea karibuni kutoka Vietnam, ambako kazi yake ilikuwa kuzipatia vifaa hospitali za vitani. Kama alivyosimulia Hench mwenyewe baadaye, kanali yule alimsikiliza kwa makini, kisha akamwuliza: ikiwa mnaweza kutengeneza kitu kinachostahimili mionzi, je, hamwezi kutengeneza kitu kitakachostahimili mwili wa mwanadamu? Vijana walikuwa wakikatwa mikono na miguu kila wiki, kwa kuwa vyuma na plastiki walivyotiwa havikuelewana na miili yao. Vita vile sisi twavihesabu miongoni mwa vita vya dhulma, lakini swali la kanali lilikuwa la haki, na Hench hakuweza kulisahau.

Alifikiri hivi. Chuma na plastiki ni wageni, na mwili ukishindwa kumtoa mgeni humzungushia ukuta wa kovu ili umtenge. Mfupa, kwa upande wake, ukikaushwa, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini ya kalisi na fosfati, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzi ngumu za kolajeni. Basi kikipatikana kitu ambacho uso wake, ukiguswa na maji ya mwili, utaota madini yale yale ya mfupa, mwili utadhani umekutana na mfupa wake wenyewe wala hautajenga ukuta. Jeshi la Marekani likatoa fedha, na kazi ikaanza mwaka 1969. Mchanganyiko aliouchagua Hench ulikuwa na silika sehemu 45 katika kila 100 za uzito, soda sehemu 24.5, chokaa sehemu 24.5, na oksidi ya fosforasi sehemu 6. Akaupa jina la 45S5.

Vipande vidogo vya kioo hicho alipewa daktari mpasuaji wa mifupa, Ted Greenlee, avitie katika mifupa ya mapaja ya panya. Baada ya wiki sita Greenlee alimpigia Hench simu, sauti yake ikiwa ya mtu aliyestaajabu: vipande havitoki. Alivivuta, alivisukuma, mfupa ukapasuka, na kioo kikabaki pale pale kiliposhikana nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Mpaka siku ile mafundi wa elimu hii waliamini kwamba kilicho bora kutiwa mwilini ni kile ambacho mwili hautakitambua kabisa, kikae kimya kama jiwe chini ya kisima. Hench alionyesha kinyume chake, kwamba kitu kilichoundwa na binadamu chaweza kushirikiana na mwili katika kazi.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kioo hiki kina tofauti gani na kile kigae cha ufukweni. Tofauti ni kipimo cha silika. Kioo cha dirisha au cha chupa kina silika zaidi ya sehemu 70 katika 100, na silika nyingi hivyo hukifanya kiwe kigumu hata mwili usiweze kukigusa. Kitakaa miaka kama kilivyoingia. Silika ikizidi sehemu 60 hivi, kioo hakishikani na mfupa tena. Kile cha Hench kina silika chache na soda nyingi, kwa hiyo hakistahimili maji, na udhaifu huo ndio faida yake. Kikikutana na maji ya mwili, soda huanza kutoka mara moja. Uso wa kioo hulainika ukawa utando mwembamba wa ute wa silika. Juu ya utando huo kalisi na fosfati, nyingine zikitoka katika kioo na nyingine katika damu, hukusanyika na kuganda. Na mgando huo hatimaye hugeuka fuwele ndogo ndogo zilizo sawa na zile za mfupa. Nyuzi za kolajeni hujisuka ndani ya fuwele hizo, chembe hai zinazojenga mfupa huja kukaa, na kazi ya ujenzi huanza. Watu wa mji wetu wa mawe wanaelewa jambo la namna hii bila ya kusomea: chokaa iliyotoka tanuuni, ikapigwa na kukandikwa vyema juu ya jiwe la matumbawe, baada ya miaka huwezi tena kusema jiwe linaishia wapi na chokaa inaanzia wapi.

Tena kuna jambo lililogunduliwa baadaye. Hench alihamia Chuo cha Imperial, London, na mwaka 2001 yeye na wenzake walionyesha kwamba yale yanayoyeyuka kutoka katika kioo, yaani silika na kalisi kwa kiasi chake, huziamsha jeni ndani ya chembe za mfupa ziongeze bidii ya kuzaana na kujenga. Kioo, basi, hakikai tu pale kama kiraka. Hutoa amri, kisha chenyewe hupungua kidogo kidogo na mfupa ukachukua nafasi yake. Hench alifariki mwaka 2015, akiwa ameacha pia vitabu vya hadithi kwa watoto ambavyo shujaa wake ni paka aliyetengenezwa upya kwa elimu hiyo hiyo.

Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa palikuwa na safari ndefu. Kifaa cha kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 1985, kilikuwa kijifupa cha kioo cha kutiwa ndani ya sikio kwa watu ambao vijifupa vyao vya kusikilia vimeliwa na maradhi. Mwaka 1988 kikaja cha kuziba pengo la jino lililong'olewa ili utaya usinywee, na mwaka 1993 chembe chembe za kujazia mfupa ulioharibika kwa ugonjwa wa fizi. Baadhi ya dawa za meno za watu ambao meno yao huingia ganzi kwa maji ya baridi zimetiwa unga wa kioo hiki hiki, nao huziba vijitundu vya jino. Kwa hiyo huenda miongoni mwa wasomaji wetu wapo waliokwisha kukitia kioo cha Hench kinywani bila ya kujua.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo na kutoa onyo. Ukitazama viungo vya mchanganyiko ule utaona vyote ni vitu tunavyovijua kwa majina ya nyumbani: mchanga, magadi, chokaa na fosfati. Magadi yamejaa katika Ziwa Natron, fosfati huchimbwa Minjingu karibu na Ziwa Manyara, na chokaa babu zetu waliichoma hapa hapa. Yamkini atatokea mtu hodari wa maneno akaanza kuuza unga wa chupa zilizosagwa kwa kisingizio cha elimu hii. Asisikilizwe. Kioo cha tiba huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,300, kwa malighafi iliyosafishwa hata isibaki chembe ya risasi wala zebaki, kisha hupimwa, husagwa kwa ukubwa maalumu na kuuliwa vijidudu. Unga wa chupa katika kidonda ni kigae kile kile cha ufukweni, ila umeongezwa idadi.

Sasa tuje katika lile linalotuhusu zaidi. Katika mji wa Turku, nchini Finland, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Åbo Akademi walitengeneza kioo kingine cha ukoo huo huo, chenye silika sehemu 53, soda 23, chokaa 20 na oksidi ya fosforasi 4. Chaitwa S53P4. Kiliruhusiwa kutumika Ulaya mwaka 2006 kwa kujazia mapengo ya mifupa, na mwaka 2011 kikaruhusiwa kwa jambo zito zaidi, nalo ni mfupa uliooza kwa uambukizo. Kioo hiki hakina kiuavijasumu chochote ndani yake, na bado bakteria hawastawi karibu nacho. Soda inayotoka huyafanya maji ya pale yawe makali kama magadi, na chumvi zinazoyeyuka humnyonya bakteria maji yake, kama chumvi ya mvuvi inavyomkausha papa asioze. Kwa kuwa hakuna dawa inayotumika, hakuna dawa ambayo bakteria atajifunza kuizoea. Katika zama hizi ambapo madaktari wa kila nchi wanalalamika kwamba viuavijasumu vinapoteza nguvu, hilo si jambo dogo.

Mfupa uliooza si ugonjwa wa vitabuni kwetu. Tawi la mkarafuu ni laini, hukatika bila ya kutoa ilani, na kila msimu wa karafuu Pemba watu huanguka; wengine huanguka kutoka minazini. Zimeongezeka pikipiki za abiria, na ajali zake. Muundi ukivunjika na ncha yake ikatokeza nje ya ngozi, uchafu wa ardhi umekwisha kuingia. Majeruhi hufungwa vibanzi vya mti, hukandwa na wazee, huchelewa, na anapofika hospitali wadudu wamekwisha kutangulia. Kidonda hufunga kwa juu na mfupa ukabaki unaoza kwa ndani. Baada ya miezi hufunguka kitundu kinachotoa usaha, kikafunga, kikafunguka tena, na kila mara hutoka kijipande cha mfupa mfu. Wapo wanaoishi hivyo miaka, wakikimbiwa na wenzao kwa harufu, wasiweze kupanda mti wala kuvuta jarife. Watoto wenye selimundu nao huupata ugonjwa huu kwa njia nyingine, bakteria wakipitia katika damu mpaka mfupani. Mwisho wa mambo, kwa asiyetibiwa, waweza kuwa msumeno.

Tiba ya mfupa kama huo ina hatua mbili ambazo haziepukiki. Kwanza mpasuaji akwangue yote yaliyokufa mpaka afike kwenye mfupa unaotoa damu. Pili, tundu linalobaki lijazwe, kwa sababu tundu tupu ndani ya mfupa hugeuka birika la usaha. Ni kitu gani kitakachojazwa, hapo ndipo yanapokuja mashauri. Lililo bora tangu zamani ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochotwa nyongani. Lakini kufanya hivyo ni kufungua jeraha la pili penye uzima, na nyonga haina mfupa wa kuchotwa bila kikomo. Njia nyingine inayojulikana sana ni shanga za saruji ya tiba iliyochanganywa na dawa, zimetungwa katika uzi wa chuma kama kidani. Shanga hizo hutoa dawa kwa wiki kadhaa, lakini mwili hauzipokei kuwa mfupa. Kwa hiyo aghalabu mgonjwa hurudishwa mezani, akapasuliwa tena, zikatolewa, ndipo tundu likajazwa kwa kitu kingine.

Mkaazi wa Helsinki akiambiwa arudi baada ya miezi miwili kupasuliwa mara ya pili, atapanda basi. Mtu wa Micheweni akiambiwa hivyo, amwambie nani? Jambo lake likiwa zito, huvuka bahari hadi Unguja, na pengine huvuka tena hadi Dar es Salaam. Hufuatana na nduguye wa kumwuguza, ambaye naye huacha shamba au mtego wake. Huuzwa mbuzi, huwekwa rehani shamba, huombwa hisani kwa jamaa wa mjini wa kumpa mahali pa kulala. Safari ya kwanza hupatikana kwa michango ya mtaa mzima. Ya pili haina mchango, kwa sababu watu wamekwisha kutoa. Basi hubaki nyumbani na shanga zake mguuni, mpaka zinapokuwa ubovu mpya juu ya ubovu wa zamani. Kioo cha Turku hutiwa mara moja baada ya kukwangua, jeraha likafungwa, na hakitolewi. Sisi twaona thamani yake kwa visiwa imo zaidi katika safari hiyo iliyookolewa kuliko katika maajabu ya fuwele na jeni.

Kuna faida nyingine mbili ambazo mtu wa nje hawezi kuzifikiria. Benki ya mifupa, ambamo huhifadhiwa mifupa iliyotolewa na watu wengine, yataka jokofu la baridi kali lisilozimika usiku wala mchana. Unguja haijasahau miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Chembe za kioo hukaa kavu ndani ya pakiti yake, kabatini, hazijui umeme. La pili ni kwamba vingi katika vitu vinavyouzwa duniani vya kujazia mifupa vimetokana na mifupa ya ng'ombe, na vingine na nguruwe, au na mifupa ya maiti. Hatukusudii kutoa fatwa. Wenye elimu wapo, na dharura ina hukumu zake. Lakini mgonjwa wa hapa ataulizia asili ya kile anachotiwa, na daktari afurahi kuwa na jibu fupi: mchanga, soda, chokaa na fosfati, vimeyeyushwa motoni.

Na kwa kuwa tumetaja asili, tuseme pia kwamba bahari yenyewe imewahi kupewa kazi hii. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Marekani, Della Roy na Sari Linnehan, walieleza namna ya kuligeuza tumbawe, ambalo matundu yake yanafanana na ya mfupa, likawa madini ya mfupa kwa njia ya joto, maji na shinikizo, na bidhaa ya namna hiyo ikatumika mahospitalini. Twaitaja kama ajabu tu. Matumbawe yetu yamekwisha kuvunjwa ya kutosha kwa nanga, baruti na ujenzi. Hayahitaji tena kutafutiwa sababu ya kitabibu.

Baada ya sifa hizo, tuseme na upungufu, kwani gazeti linalosifu tu ni tangazo la biashara. Kioo hiki ni kioo: hakibebi uzito. Aliyevunjika paja bado atahitaji msumari wa chuma au bamba la kushikilia mfupa, na kioo kitajaza pengo tu. Chembe zake si rahisi kuungwa ziwe kiunzi kimoja chenye matundu, kwa kuwa zikichomwa tena huelekea kuganda fuwele na kupoteza sehemu ya wepesi wake wa kushirikiana na mwili. Ndiyo maana mpaka leo hutumika zaidi kama chembe chembe au kinyunga. Wala kioo hakikwangui. Mpasuaji akiacha mfupa mfu ndani, akamwaga kioo juu yake, amefunika moto kwa mkeka.

Ushahidi nao tuupime kwa haki. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya hospitali 11 za nchi 6, ambako wagonjwa 116 wenye mifupa iliyooza walitiwa kioo cha S53P4, na 90 katika kila 100 wakapona. Ni matokeo ya kutia moyo sana. Lakini haikupigwa kura ya nani atiwe kioo na nani atiwe kitu kingine, na zile hospitali zina vifaa, wauguzi na maabara ambavyo si vya kila mahali. Kupona kule ni kwa kioo peke yake, au ni kwa mkono wa mpasuaji aliyekwangua vyema na muuguzi aliyebadilisha kitambaa kwa wakati? Jibu la haki ni kwamba vyote vimo ndani yake.

Swali kama hilo laweza kujibiwa hapa hapa nchini. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya utafiti wa kura wenye kuheshimika. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2020 yalilinganisha msumari wa ndani ya mfupa na vyuma vya kushikilia kwa nje, kwa watu wazima waliovunjika muundi na ngozi ikapasuka, na baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti kubwa baina ya makundi mawili katika kurudi kupasuliwa kwa sababu ya uambukizo au mfupa kukataa kuunga sawasawa. Baadaye ikafanywa hapo hapo hatua ya majaribio ya kutia jentamaisini moja kwa moja katika jeraha. Wanaoweza kuuliza maswali hayo wanaweza pia kuuliza la kioo, na wagonjwa wa visiwani wahesabiwe ndani yake, pamoja na gharama ya kuvuka, ambayo vitabu vya Ulaya haviiandiki.

Tusisahau pia wenye donda ndugu la kisukari. Katika jimbo la Missouri, Marekani, kwa kazi iliyoongozwa na Delbert Day na wanafunzi wake, kilitengenezwa kioo ambamo nafasi ya silika imechukuliwa na borati, kikavutwa nyuzi nyepesi kama pamba. Nyuzi hizo hujazwa katika kidonda na huyeyuka humo kidonda kinapofunga. Ziliruhusiwa huko mwaka 2016 kwa jina la Mirragen. Katika jaribio la watu 40 wenye vidonda vya miguu vya kisukari, lililochapishwa mwaka 2021, katika 20 waliotiwa nyuzi walipona 14 kwa wiki 12, na katika 20 waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona 5. Arobaini ni wachache, nasi hatutaki kuwapa watu tamaa. Lakini miguu mingi hukatwa duniani kwa ugonjwa huu kuliko inayokatwa kwa kuanguka.

Kwa waheshimiwa wanaopanga matumizi ya fedha za afya, maoni yetu ni haya. Wasiagize kioo kwa sababu kimesifiwa na mjumbe wa kampuni, wala wasikipokee kama msaada kikiwa kimebakiwa na miezi miwili ya uhai. Fedha ya kwanza iende katika saa za mwanzo: maji safi mengi ya kuoshea jeraha, kiuavijasumu kinachotolewa majeruhi anapofika tu wala si kesho yake, na gari la wagonjwa lenye mafuta wakati wa msimu wa karafuu. Jeraha likioshwa vyema siku ya kwanza, wengi hawatakihitaji kioo kabisa. Wazee waungaji mifupa waitwe, wasitukanwe. Waelezwe jambo moja tu, kwamba mfupa uliotoboa ngozi haukandwi, unapelekwa. Yakiwa hayo yamefanyika, ndipo linunuliwe fungu dogo la kioo, liwekwe hospitali moja yenye mpasuaji wa mifupa aliyefundishwa kukitumia, na kila gramu iandikwe imeingia kwa nani na mgonjwa huyo akoje baada ya mwaka. Kioo hiki huuzwa kwa fedha za kigeni na si rahisi. Hata hivyo hataza za mwanzo za Hench zimekwisha muda wake siku nyingi, na watengenezaji wamezidi mmoja. Mnunuzi anayejua anachokitaka ana nafasi ya kushauriana bei.

Kabla ya yote, wagonjwa wahesabiwe. Wako wangapi Unguja na Pemba wenye kitundu cha usaha mguuni kwa zaidi ya miezi sita. Umri wao, shehia zao, walivunjika lini na walioshwa baada ya saa ngapi. Wangapi walivuka bahari mara moja, na wangapi walitakiwa kuvuka tena wakashindwa. Daftari la namna hiyo halitaki fedha za kigeni. Lataka kalamu, na mtu wa kulijaza kila Jumatatu katika Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete na Mkoani.